Nimeinuliwa kwenye kiti cha mbele kanisani. Je, mbinguni nako kuna vyeo?

SWALI

Shikamoo Mama, na Bwana Yesu asifiwe. Najua umenizidi umri, kwa hiyo shikamoo hii siitoi kwa mazoea tu.

Mimi ni mstaafu, na usharika ninaouzungumzia ndio niliobatiziwa. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilianza tukiwa tunasali chini ya mwembe, mvua ikija tunakimbilia darasani shule ya msingi. Kiwanja tulichonacho leo nilikihangaikia mimi, kutoka ofisi ya kijiji hadi wilayani, kwa nauli yangu. Tofali za kanisa la kwanza tulizifyatua mimi, mke wangu na vijana watatu, na mmoja wao ameshatangulia mbele za haki.

Mwaka jana kulikuwa na uchaguzi wa wazee, sikurudi. Nafasi yangu imekwenda kwa ndugu mmoja aliyestaafu kazi nzuri mjini akarudi kujenga nyumbani. Kusema kweli ni mpole, sina kesi naye. Lakini ameokoka juzi tu, na sisi wa rika lake tunamkumbuka alivyokuwa. Sitaki kusema zaidi. Amejitolea mabati yote ya kanisa jipya pamoja na vyombo vya kwaya, na sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni siku ya kuweka jiwe la msingi. Askofu alikuja. Chini ya turubai waliweka mstari wa viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, nami nikaenda kukaa pale ninapokaa siku zote wageni wakija. Binti mmoja mhudumu, mtoto wa jirani yangu ambaye siku ya ubatizo wake nilimpakata mimi, akaniinamia sikioni: "Babu, samahani, hivi vina majina." Nikageuka. Kweli, kila kiti kilikuwa na karatasi imebandikwa kwa selotepu, na nilichokalia kina jina la mwenyekiti. Nikainuka. Nikapita katikati watu wote wakiniona, hadi nyuma kwenye mabenchi ya Shule ya Jumapili. Kisha kitambaa kikafunuliwa, na kwenye jiwe kuna majina matatu: la askofu, la mchungaji, na la yeye.

Jumapili iliyofuata mchungaji akahubiri Mathayo 20, vibarua wa shamba la mizabibu, wa mwisho watakuwa wa kwanza. Mtu mmoja benchi la mbele akageuka, akanitazama, akacheka.

Sasa nauliza, Mama. Mbinguni nako kuna vyeo, au wote tutakuwa sawa, aliyetumika tangu ujana na aliyeingia jana? Kama ni sawa, kujichosha kuna faida gani? Na je, ni dhambi mtu kutaka atambuliwe? Mke wangu anasema nina kiburi. Kuna kanisa la jirani wameshasikia habari zangu, wanasema nikihamia kwao watanipa uzee mara moja. Halafu juzi huyo mwenyekiti kanipigia simu, anataka nikamwonyeshe bikoni za kiwanja, maana zimefukiwa na udongo na niliyebaki kati ya waliokuwepo siku ya kupima ni mimi peke yangu. Bado sijamjibu.

Mzee wa Nyuma, Iringa

JIBU

Marahaba, baba. Amina.

Nianze na kile kiti, kwa sababu nina wasiwasi kwamba kila uliyemsimulia amekuimbia wimbo wa unyenyekevu. Mara nyingi unyenyekevu huhubiriwa na waliokaa kwa waliosimamishwa. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unalieleza tukio lako karibu lote: anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaambiwa aketi mahali pazuri, anaingia maskini, anaambiwa simama kule, au keti chini miguuni. Yakobo haliiti jambo hilo itifaki. Analiita kupendelea watu, na anasema wazi kwamba ni dhambi. Askofu lazima apewe pa kukaa, hilo halina ubishi. Lakini mtu aliyehangaikia kiwanja kuinuliwa na binti mdogo mbele ya mkutano mzima ni aibu ya usharika. Ilitosha mtu mzima mmoja kupita kwako asubuhi akakueleza utaratibu wa siku. Nenda ukamwambie mchungaji hivyo, ninyi wawili tu, kwa maneno machache, na usilitie jina la mwenyekiti katika mazungumzo hayo. Karatasi zile hakuzibandika yeye.

Upande wako lipo neno moja, nalo linauma kidogo. Luka 14, Yesu akiwa chakulani kwa mkuu mmoja wa Mafarisayo anawaona wageni wanavyochagua viti vya mbele, anawaambia: ukialikwa arusini usikae mbele, asije mwenyeji akakuambia, "Mpishe huyu." Ulikaa pale bila kuuliza kwa kuwa ndipo unapokaa siku zote. Nimemaliza, sitalirudia.

Sasa mke wako na hicho kiburi. Kutaka kuwa mkubwa, ukisoma Injili kwa utulivu, Yesu hakukukemea kama tunavyokukemea sisi. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, walitaka kuketi mmoja kuume kwake na mmoja kushoto katika ufalme wake. Hawakufukuzwa, wala hawakuambiwa wana tamaa. Waliulizwa kama wanaweza kukinywea kikombe chake, wakajibu haraka kwamba wanaweza. Mitume kumi waliosalia wakakasirika. Huwa najiuliza walikasirika nini, kama wao wenyewe hawakuwa wamevipigia hesabu viti hivyohivyo! Luka anakwenda mbali zaidi: anasema mashindano ya nani anahesabiwa mkubwa yalitokea mezani, usiku uleule wa karamu ya mwisho, mkate umeshamegwa. Kwa hiyo, baba, ugonjwa wako mitume wameuugua kabla yako, nao hawakufukuzwa kazi. Tena Yesu anasema "mtu yeyote anayetaka kuwa mkubwa kwenu", halafu anamwonyesha njia: awe mtumishi. Njia yenyewe ndiyo wengi hatuipendi. Siku hizi makanisa mengine anayeitwa Mtumishi ndiye anayebebewa Biblia na chupa ya maji.

Mathayo, sura ya 20, anasema aliyeleta lile ombi alikuwa mama yao, amekuja na wanawe, akasujudu kwanza kama afanyavyo mzazi anayemwombea kijana wake kazi. Yesu alijibu kwamba mkono wa kuume na wa kushoto si vyake kugawa, wamewekewa wengine na Baba. Sasa ruka sura saba. Sura ya 27, mstari wa 38, wamesulubiwa pamoja naye wanyang'anyi wawili, mmoja kuume, mmoja kushoto. Mathayo anatumia maneno yaleyale. Shuka hadi mstari wa 56, kwenye orodha ya wanawake waliosimama kwa mbali wakitazama, umkute mama wa wana wa Zebedayo. Alikuwepo. Alivitazama viti alivyowaombea wanawe vikiwa na watu. Mathayo hasemi mama yule aliwaza nini, na mimi sitamsemea. Mwanawe Yakobo baadaye aliuawa kwa upanga kwa amri ya mfalme Herode Agripa, imo katika Matendo 12, naye Herode huyo alikufa mwaka 44 baada ya Kristo. Kwa hiyo kile kikombe alikuja kukinywa kweli, na ni mapema.

Nimekuchelewesha hapo kwa makusudi. Yesu alipotaka kueleza ukubwa ni nini alijitaja mwenyewe: Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa, bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Basi mkubwa katika ufalme huo ni aliye karibu na kazi hiyo. Ile miguu yako ya kwenda na kurudi wilayani ilikuwa ukubwa siku zilezile ulipokuwa unatembea. Kura za mwaka jana hazikuupunguza, na zingekurudisha zisingeuongeza.

Kuhusu jiwe. Mwaka 1913 na 1914 wachimbaji wa mambo ya kale huko Yerusalemu walipata kibao cha jiwe chenye maandishi ya Kigiriki, ambacho wataalamu wengi wanakiweka kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Kinasema Theodoto mwana wa Vetteno, kuhani na mkuu wa sinagogi, mwana wa mkuu wa sinagogi, mjukuu wa mkuu wa sinagogi, alijenga sinagogi hilo kwa ajili ya kusoma torati, pamoja na vyumba vya wageni na maji kwa wenye uhitaji watokao mbali. Unaona vyeo vilivyopangwa hadi kwa babu! Majiwe ya msingi hatukuyaanzisha sisi. Katika miji ya Wagiriki na Warumi mtu akijenga bafu au soko alichongwa jina, na wafalme walilifanya kuwa cheo kabisa; Ptolemayo wa Tatu wa Misri aliitwa Mfadhili. Ndiyo maana pale mezani Yesu alisema wenye mamlaka juu ya mataifa huitwa Wenye fadhili, "lakini kwenu ninyi sivyo." Alikuwa anakitaja kitu walichokipita barabarani kila siku.

Hata hivyo sitaki umwonee mwenyekiti wako. Theodoto alijenga vyumba vya wasafiri, na bila shaka kuna maskini aliyelala humo akamshukuru Mungu. Na Luka 7 kuna akida wa Kirumi aliyewajengea watu wa Kapernaumu sinagogi. Wazee wa Kiyahudi walimwendea Yesu wakamwambia: anastahili huyu kutendewa jambo hili, maana ametujengea sinagogi. Akida mwenyewe akatuma rafiki zake wakaseme: sistahili wewe uingie chini ya dari yangu. Wazee ndio waliokuwa wanapima watu kwa majengo. Mjenzi hakuwa na habari hiyo. Unajuaje kama huyu wa kwenu aliomba jina lake lichongwe? Mimi nimekaa kwenye kamati za kanisa miaka mingi, na najua jina la mfadhili aghalabu huchongwa na wanaomtegemea atoe tena.

Nije kwenye swali lako kubwa. Wakristo wamelijadili zamani sana, tena kwa maneno makali. Mwishoni mwa karne ya 4 mtawa mmoja wa Rumi, Yoviniano, alifundisha kwamba wote waliookolewa na kudumu katika ubatizo wao watapata thawabu moja. Yeronimo, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, akamjibu mwaka 393 kwa hasira tele, na makanisa ya Rumi na Milano yakamhukumu Yoviniano. Augustino wa Hippo alisema kwa upole zaidi: zitakuwepo daraja za heshima, lakini wa chini hatamwonea wivu wa juu, kama vile kidole katika mwili kisivyotamani kuwa jicho.

Biblia yenyewe inaweka yote mawili mezani. Katika Mathayo 25 mwenye talanta tano na mwenye mbili wanaambiwa sentensi ileile, neno kwa neno, hadi "ingia katika furaha ya bwana wako." Katika Luka 19 aliyezalisha mafungu kumi anapewa miji kumi, na aliyezalisha matano anapewa mitano. Msimamo wangu ni huu: furaha ni moja na haigawanyiki, majukumu yanatofautiana. Angalia vizuri hiyo thawabu ya Luka. Mtu amefanya kazi vizuri, anapewa miji kumi ya kusimamia. Kapewa kazi zaidi! Anayetaka kustaafu na kukalia kiti cha kitambaa cheupe, sura hiyo haimfai.

Na wale vibarua. Mfano huo haukuanzia hewani. Sura ya 19 Petro anauliza, "Tazama, sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi?" Ni swali lako. Yesu hakumnyamazisha: aliwaahidi viti kumi na viwili na mara mia ya walivyoviacha, ndipo akaongeza mfano. Sisi wa saa za Kiswahili hatuhitaji kueleweshwa saa kumi na moja ni saa ngapi. Jua linaelekea kuzama na waajiri wa maana wameshaondoka. Wote, wa alfajiri na wa jioni, walilipwa dinari moja moja, na dinari ilikuwa ujira wa kutwa wa kibarua, chakula cha nyumba kwa siku. Wa asubuhi waliilalamikia kwa sababu walishuhudia wa jioni wakilipwa kwanza. Wangelipwa wao mwanzo, wangekwenda zao wakiwa na amani. Tena malalamiko yao hayakusema tumepunjwa, yalisema "umewasawazisha na sisi."

Ulivyoandika, umewahesabia wa asubuhi jua tu. Wa saa kumi na moja walipoulizwa mbona mmesimama hapa kutwa, walisema hakuna aliyetuajiri. Kibarua wa alfajiri alifanya kazi akijua watoto wake watakula. Yule mwingine alisimama kutwa nzima hajui atarudi nyumbani na nini. Umeniandikia kwamba mnakumbuka mwenyekiti alivyokuwa. Miaka ile wewe ulikuwa unafyatua tofali na mkeo, yeye alikuwa wapi? Ungetaka kubadilishana naye? Yule kaka mkubwa wa Luka 15 alikasirikia ndama aliyenona, aliyechinjiwa mdogo wake aliyepotea akarudi, baba yake akatoka nje kumsihi, akamwambia, "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Hiyo ndiyo fadhila ya ufalme, nawe unaila tangu enzi za mwembe. Uliipokea kama mwana. Uzee wa kanisa haukuwa malipo yake, ulikuwa zamu, na zamu hupokezana. Ukiona kujichosha kote huko kulikuwa gharama tupu inayodai fidia, hapo ndipo nitakubaliana na mke wako.

Bikoni: mpigie leo. Nenda na jembe na sururu, umwambie aje na kijana mmoja wa kamati, ili siku ukiwa haupo asibaki mtu wa kubahatisha. Chora ramani ndogo, pima kwa hatua kutoka kwenye mwembe kama bado upo, nakala moja ipelekwe ofisi ya usharika. Kesi za mipaka zimemaliza sharika nyingi kuliko mahubiri mabaya. Usiende na hotuba. Akikuuliza habari za tofali na wale vijana watatu, mweleze; huenda hajawahi kuambiwa na mtu. Na kama unataka jina la yule kijana aliyefariki likumbukwe, omba hilo kwenye kamati kwa sauti kubwa bila haya, maana hujiombei wewe.

Kuhama, sikukatazi. Watu huhama kwa sababu nzuri: ndoa, makazi, mafundisho yaliyopotoka. Lakini hao wa jirani kabla hujawajibu waulize jambo moja, hicho kiti cha uzee wanachokuahidi kwa sasa anakikalia nani. Wakisema kuna mzee wao mmoja wa siku nyingi ataombwa asogee kidogo, basi najua barua yangu inayofuata itatoka wapi, na nitamjibu haya haya.